Namba Zilizomgeuza Sauli

Shalom wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Neno letu la wiki hii linatoka 1 Samweli 18:6–9. Fungueni mkipata nafasi, ni mistari minne tu. Mimi, kabla sijalifikia, naomba nianze kwa kujishtaki.

Mwaka juzi mama alilazwa. Presha ilipanda ghafla, tukampeleka usiku, na asubuhi nikamkuta amelala na dripu mkononi, mdomo wazi kidogo, kilemba kimemtoka kikaangukia pembeni ya mto. Wanaomfahamu mama wanajua kwamba mgeni hamkuti kichwa wazi. Hata mtu wa duka akija kudai chake ataambiwa asubiri, mama ajifunge kitambaa kwanza ndipo atoke. Nikapiga picha. Nikaiweka stetasi, nikaandika "Wapendwa tumuombee mama," na vile viganja viwili vya kuomba.

Nia ilikuwa njema, ndivyo nilivyojiambia. Lakini nilikaa kwenye kile kiti cha pembeni ya kitanda, na kila baada ya dakika chache nafungua simu kuona wangapi wameangalia. Saa nne asubuhi walikuwa 40. Mchana 117. Nikaanza kusoma majina. Shemeji yangu mmoja ameona na hajasema hata pole. Rafiki niliyemchangia harusi yake ameona, kimya. Kufika jioni nilikuwa na orodha nzima kichwani ya watu wasiotupenda. Siku hiyo mama aliamka mara mbili akaomba maji, na mara ya pili aliyempa ni ndugu wa mgonjwa wa kitanda cha jirani. Mimi nilikuwa hapohapo.

Sasa tumsome Sauli.

Wengi tunamjua Sauli wa mkuki. Yule wa mwanzo tumemsahau, kijana aliyetumwa kutafuta punda wa baba yake waliopotea akarudi amepakwa mafuta na nabii Samweli awe mfalme. Baba yake mdogo akamuuliza, Samweli amekuambia nini? Akamjibu habari za punda. Neno la ufalme hakulitoa (1 Samweli 10:14–16). Hebu lipime hilo. Siku hizi mtu akipata barua ya kazi, sisi tumeshaisoma kabla yeye hajaisaini. Siku ya kutangazwa mbele ya Israeli yote anatafutwa haonekani, kumbe amejificha kwenye mizigo. Na walipotokea watu wa kumdharau, wakakataa hata kumletea zawadi, alinyamaza. Yote haya yamo katika sura moja ya 10: anajua kutunza siri, hana haja ya kutazamwa, na dharau haimkoseshi usingizi. Siri ya mtungi aijuaye kata, na Sauli wa sura ya 10 bado alikuwa mtungi wenye maji.

Halafu macho ya watu yakaanza kazi yake. Sura ya 13, Samweli amechelewa kufika Gilgali, watu wanatawanyika, Sauli anatoa sadaka kwa mkono wake mwenyewe. Alipoulizwa kwa nini, jambo la kwanza alilotaja ni kwamba aliona watu wanamwacha. Sura ya 15 amejisimamishia ukumbusho kule Karmeli, yule yule aliyekuwa akijificha kwenye mizigo. Katika sura hiyohiyo anakiri kwamba aliwaogopa watu akatii sauti yao. Na mstari wa 30 ndio unaoniumiza kuliko yote. Ameshaambiwa ufalme umeondolewa kwake. Anasema nimekosa, na kwa pumzi hiyohiyo anamwomba Samweli amheshimu mbele ya wazee wa watu wake na mbele ya Israeli. Yaani anataka wapige picha ya pamoja kwanza.

Ndipo tunafika kwenye somo letu. Vita vimekwisha, Goliathi amelala, wanawake wanatoka mijini na matari wakiimba: "Sauli amewaua elfu zake, na Daudi makumi elfu yake." Angalieni, wimbo ule haukumtukana mtu. Sauli amesifiwa kwa maelfu! Siku nyingine angerudi nyumbani akiimba. Lakini akapiga hesabu: Daudi kapewa makumi elfu, mimi elfu tu. Elfu ileile iliyokuwa heshima ikawa tusi kwa sababu pembeni yake pana namba nyingine. Imeandikwa kwamba tangu siku ile alimwonea Daudi wivu, na siku iliyofuata tunauona mkuki ukirushwa kwa Daudi.

Najua kuna ndugu atanikumbusha kwamba ni roho mbaya iliyokuwa ikimsumbua, na imeandikwa tangu sura ya 16. Ni kweli, sipingi. Lakini mwandishi alitaka tujue pia kwamba siku ya mkuki ilitanguliwa na siku ya hesabu.

Sauli aliisikia hesabu yake njiani, vitani akirudi. Yetu tunaibeba mfukoni. Facebook ilipoweka kile kitufe cha kupenda, Februari 2009, ilikuwa mara ya kwanza kwa wengi wetu kuona maneno yetu yanahesabiwa. Kabla ya hapo mtu akikupenda ilimbidi aandike sentensi. Novemba 2014 WhatsApp wakaleta tiki za bluu, tukaanza ugomvi ambao bibi zetu hawakuujua: "Umesoma, mbona hujajibu?" Februari 2017 ikaja stetasi ya saa 24, na chini yake orodha ya waliochungulia. Mei 2021 Instagram na Facebook wakaruhusu mtu afiche idadi ya laiki zake akitaka. Ukiona mpishi mwenyewe anapunguza chumvi, jua ameonja.

Mtu huwa habadiliki siku moja. Anaanza kwa kuchagua jambo la kusema kulingana na litakavyopokelewa. Kisha anachagua jambo la kufanya. Baadaye hata akiwa peke yake chumbani bado anajitazama kwa macho ya watu, na furaha isiyoonekana na mtu anaiona ni hasara. Nimeliona hili mpaka kwenye kesha zetu, na nisamehewe kwa kulisema: kamera ikipita upande wa kushoto, mikono inainuka upande wa kushoto. Wa kulia wanasubiri zamu. Nami nimo, sijitoi.

Lakini hilo ni badiliko la anayejionyesha. Kuna la yule anayeonyeshwa bila kuulizwa, na hili hatulihubiri.

Mama aliporudi nyumbani, jirani mmoja alikuja kumpa pole. Akamwambia kwa upendo kabisa, "Mama, uliumwa jamani, ulikonda, tulikuona." Mama akanyamaza mpaka mgeni akaondoka. Kisha akaniuliza, "Alinionea wapi?" Nikamweleza. Akaomba kuiona picha, nikamwonyesha, kwa kuwa nilikuwa nimeihifadhi. Aliitazama kwa muda mrefu, akanirudishia simu akasema, "Hawa wote waliingia bila hodi. Nani aliwafungulia?"

Hakunigombeza, na tangu hapo hajalitaja tena. Ila mama yangu alibadilika. Nikitoa tu simu, hata kama naangalia saa, mkono wake unakwenda kwenye kitenge kilichoko mabegani na kukivuta kichwani. Mazungumzo yake nami yakawa kama ya mtu anayehojiwa redioni: hatujambo, tunamshukuru Mungu, mvua zimenyesha. Zamani alikuwa akinihadithia mpaka chai inapoa. Nilimfanya mama kuwa mwangalifu ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwa picha moja ya saa 24.

Mama anatumia simu ya vitufe. Hajawahi kufungua akaunti yoyote. Alifikiwa kupitia kwangu. Hilo si geni: mwaka 2018 ulimwengu ulipoisikia habari ya Cambridge Analytica, kampuni ya ushauri wa kisiasa, ilionekana kwamba watu kama 270,000 ndio walioipakua ile programu ya kupima tabia, lakini ilichota na taarifa za marafiki zao, hata Facebook ikakadiria kwamba waliofikiwa huenda ni milioni 87. Walio wengi hawakujibu swali hata moja. Kosa lao ni kujuana na mtu aliyejibu. Na kilichotafutwa humo ni tabia: huyu anaogopa nini, huyu anashawishika kwa lipi. Zaburi ya 139 nayo inasema, "Umenichunguza na kunijua," na Daudi badala ya kukimbia anafika mstari wa 23 anaomba achunguzwe tena. Nadhani ni kwa sababu anajua anayemchunguza hana nia ya kumuuza.

Hapa kwetu Tanzania, Katiba katika ibara ya 16 inayalinda maisha binafsi ya mtu, na tangu tarehe 1 Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inafanya kazi. Ni jambo jema. Lakini hakuna hakimu atakayeniita kunihoji kuhusu kilemba cha mama yangu.

Na tunaotazama je? Kumbukeni 2 Samweli 11. Daudi alikuwa akitembea juu ya dari la jumba lake jioni, akamwona mwanamke anaoga. Mahubiri mengi niliyoyasikia utotoni yalimuuliza Bathsheba kwa nini alioga pale. Nabii Nathani alipokuja kumkemea Daudi hakumuuliza Bathsheba kitu. Zamani ilikulazimu uwe mfalme ndipo uwe na dari refu kiasi hicho. Sasa kila mmoja wetu anapanda jioni na kutembea juu ya nyumba za watu: ndoa ya fulani, msiba wa fulani, mtoto wa fulani aliyefeli.

Sisemi tufunge akaunti. Kundi letu hili limezika watu, limelipa ada za yatima watatu, na tafakari hii yenyewe mnaisomea wapi? Nasema tu kwamba Bwana Yesu, katika Mathayo 6:6, alipotuambia tuingie chumba cha ndani tufunge mlango, neno la Kigiriki lililotumika ndilo Luka analolitumia kwenye 12:24 kwa ghala ambalo kunguru hawana. Ni chumba cha kuwekea akiba, mahali pa unga na maharage. Sauli alikuwa nalo ghala hilo alipojibu habari za punda akanyamazia ufalme. Likaisha kidogo kidogo, na siku wimbo ulipoimbwa hakuwa na akiba yoyote ya kumvusha.

Ile picha niliifuta mbele ya mama, yeye akishuhudia. Nilidhani itatosha. Haikutosha, kitenge kiliendelea kuvutwa.

Miezi minne iliyopita nilianza kuacha simu kwenye kabati la vyombo kila nikifika kwake, chini ya sahani za wageni, naye akiniona. Wiki za kwanza hakusema kitu. Jumamosi iliyopita tulikuwa tunachambua mchele uani, kitenge kikamteleza mabegani, akakiacha kilipoangukia. Akaanza kunisimulia jambo la baba, la kabla mimi sijazaliwa, ambalo sikuwahi kulisikia. Tulicheka mpaka ungo ukapinduka. Mchele tuliuokota mmoja mmoja, na hadithi ile nimebaki nayo mimi na yeye.