Wajane katika ukoo wa Mwokozi, na Namaganda wa Buganda

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Somo la juma hili ni Mathayo 1:1–17, lile ambalo wengi wetu huliruka ili tuwahi kufika kwa mamajusi. Ndani ya orodha hiyo ya wanaume, Mathayo ametia wanawake wanne kabla ya Mariamu: Tamari, Rahabu, Ruthu, na yule anayemwita "mke wa Uria". Wahubiri hupenda kutuambia kwamba wote walikuwa wenye dhambi. Ruthu alitenda dhambi gani? Mimi naona jambo jingine, ambalo silisikii sana madhabahuni: watatu kati yao walikuwa wajane. Tamari alifiwa na Eri, kisha na Onani. Ruthu alifiwa na Maloni kule Moabu. Mke wa Uria alimwombolezea mumewe kabla ya kuingia nyumbani kwa Daudi (2 Samweli 11:26–27). Ukoo wa Masihi ulipita kwa wanawake ambao watu walishawafungia hesabu.

Huku kwetu Uganda yupo mwanamke ambaye habari zake hunirudisha kwenye orodha hiyo: Irene Drusilla Namaganda. Baba yake, Yonasani Kaizi, alikuwa kasisi wa Kianglikana, mtu wa ukoo wa Nte. Binti alisoma Gayaza, shule ya wasichana iliyofunguliwa na wamisionari mwaka 1905. Mwaka 1914 akafunga ndoa ya Kikristo na Kabaka, yaani mfalme wa Buganda, Daudi Chwa, na tarehe 19 Novemba 1924 akamzaa mwana, ambaye baadaye alitawala kama Mutesa wa Pili.

Kwa ndugu zetu mnaoabudu nasi kwa Kiswahili lakini hamkukulia Buganda: Mganda wa kawaida ni wa ukoo wa baba yake, ila Kabaka kwa desturi huhesabiwa upande wa mama. Ndiyo maana Mutesa alihesabiwa mtu wa Nte, ilhali Chwa, baba yake mzazi, alikuwa wa Ngabi. Ukoo wowote unaweza kutoa mfalme kupitia binti yake. Basi mama wa Kabaka, Namasole, si mtu mdogo. Hata Waingereza walilitambua hilo: Mkataba wa Buganda wa 1900 ulimtengea Namasole maili 16 za mraba za ardhi.

Vitabu vya Wafalme navyo vina mtindo huo. Yosia anapoanza kutawala, mwandishi hatosheki na jina la baba. Anaongeza kwamba mamaye aliitwa Yedida, binti Adaya wa Boskathi (2 Wafalme 22:1). Jina lake, baba yake, na mji wa kwao, vyote vimo.

Chwa akafariki Novemba 1939. Mwanawe akarithi kiti akiwa na miaka 15. Kisha, mwaka 1941, Namaganda akataka kuolewa tena, na mchumba alikuwa mtu wa kawaida. Desturi ilisema Namasole haolewi. Askofu hakumzuia, na Katikkiro, yaani waziri mkuu wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, alimuunga mkono, lakini hasira ilipanda Buganda nzima. Mwaka huohuo Nsibirwa akaacha ukatikkiro. Namaganda akaolewa, na akavuliwa cheo cha Namasole.

Siwezi kuwabeza wazee wa Mengo, makao ya ufalme. Mume mpya angekuwa nani kwa Kabaka? Na watoto, kama wangezaliwa? Hayo ni maswali ya watu wanaolinda kiti cha enzi chini ya serikali ya kikoloni, wakati mambo mengi yalishatoka mikononi mwao. Ila Paulo ameandika waziwazi kwamba mume akifariki, mwanamke "yu huru kuolewa na mtu ye yote amtakaye, katika Bwana tu" (1 Wakorintho 7:39). Sharti ni hilo moja tu. Hakuongeza "isipokuwa mamaye mfalme".

Turudi kwa Ruthu. Wazee wa Bethlehemu waliketi langoni, na wao pia walikuwa na ukoo wa kulinda na shamba la marehemu la kugawa. Walimtazama mjane, tena Mmoabu, anayeolewa mara ya pili, wakamwombea awe kama Raheli na Lea (Ruthu 4:11). Laiti wangemkatalia, Obedi asingezaliwa, wala Yese, wala Daudi. Sisi tunapokaa kikao cha ukoo baada ya mazishi, mara nyingi huanza na nyumba na kibanja, yaani kipande cha ardhi, na mjane huambiwa: ukitaka mume mwingine, watoto utatuachia. Hata walokole husema hivyo. Nimewasikia.

Wala mjane asisukumwe kuolewa ili aonekane ana imani. Ana wa hekaluni aliishi na mume miaka saba tu, akabaki mjane hadi uzee wa miaka 84, akifunga na kuomba usiku na mchana (Luka 2:36–37). Tazameni Luka alivyomwandika. Jina la mumewe halipo, na mtoto hatajwi hata mmoja. Ameandikwa binti Fanueli, wa kabila la Asheri.