Anasema Sawa

Leo ni siku ya kumi na moja tangu nirudi, na bado nikizima taa usiku naisikia ile sentensi ndefu ya muuguzi, ikifuatiwa na maneno mawili ya kijana wetu wa ofisini: "Anasema sawa." Wiki hii mdogo wangu amejifungua salama mtoto wa kiume, ofisi imehamia ghorofa ya juu na mkurugenzi ametangaza kustaafu, lakini mimi nimeshikwa na jambo hilo moja tu. Haiwezekani mtu aseme kwa muda wote ule, akinikazia macho, halafu maana yake yote iwe "sawa."

Tulikuwa tumekwenda nchi ya nje kwa semina ya ofisi, na nusu yake ya pili niliikosa kwa kuugua; sitarudia yote. Usiku wa tatu tumbo lilianza kunisokota, nikatapika, kisha nikaanza kuendesha, na ilipokaribia alfajiri nilikuwa nimekwisha kukata tamaa ya kitanda. Niliketi sakafuni karibu na mlango wa choo, mto mapajani, kwa kuwa zile hatua sita za kwenda na kurudi zilikuwa zimenishinda. Kila nilipopata kiu nilikunywa glasi nzima ya maji kwa pupa, na kila mara yalirudi yote. Kulipokucha nilijaribu kusimama nikaona kizunguzungu, ulimi umekauka, na mkojo, ule mchache uliopatikana, umekolea rangi. Nikampigia simu kijana wetu, kwa sababu miongoni mwetu ni yeye pekee anayeijua lugha ya kule.

Kijana huyu ana umri wa mwanangu wa kwanza na huniita Mama hata mbele ya wageni rasmi. Alinishika mkono kutoka kwenye teksi hadi mapokezi, akajaza fomu, akatafuta namba ya bima kwenye mkoba wangu bila kugusa kitu kingine chochote. Mpaka hapo sikuwa na la kulalamika. Kisha tukaingizwa ndani, muuguzi akauliza jambo, naye akatafsiri huku akiitazama saa ya ukutani: "Mama, anauliza tangu jana umekwenda haja mara ngapi."

"Kama mara tatu hivi," nikajibu.

Nilikuwa nimekwenda mara kumi na mbili. Nilizihesabu, maana usiku wa namna ile mtu hana kazi nyingine. Lakini sikuweza kumkabidhi idadi hiyo mtu ambaye wiki inayofuata ningekuwa nikimsahihishia ripoti, ili aibebe kwa kinywa chake mwenyewe hadi upande wa pili wa meza.

Muuguzi hakuandika kitu. Aliibana ngozi ya nyuma ya kiganja changu kwa vidole viwili, akaiachia, na sote watatu tukaitazama ikibaki imesimama kama kunjo la kitambaa kabla ya kulala polepole. Hapo ndipo aliposema ile sentensi ndefu. Kijana akasikiliza, akameza mate.

"Anasema sawa. Ngoja nikatafute maji ya kunywa, Mama." Akatoka.

Tulipobaki wawili, muuguzi akaniinulia vidole vitatu na kutikisa kichwa. Akainua vinne, vitano, akaendelea hadi vidole vya mikono yote miwili vikaisha, akiniangalia kila mara kama nitamsimamisha. Sikumsimamisha. Akafumba viganja, akaanza upya: kimoja, viwili, na hapo nikainamisha kichwa. Aliandika kwa haraka, bila kucheka wala kushangaa, akaniwekea sindano ya dripu mkononi.

Kuhusu matibabu yenyewe sina manung'uniko, ingawa siku ile nilikuwa nayo. Daktari alifika na programu ya kutafsiri kwenye simu, akanieleza kwamba kwa dalili zile alishuku virusi, pengine norovirusi, ambavyo humwangusha mtu saa 12 hadi 48 baada ya kuambukizwa na kwa kawaida humwachia baada ya siku moja hadi tatu. Antibayotiki haziviui virusi, kwa hiyo hakuniandikia. Aliuliza mara mbili kama nimeona damu. Vidonge vya kufunga tumbo nilivyopewa na mwenzangu wa chumba alivisogeza pembeni, akisema penye homa kali au damu si vya kuchezea. Dripu ilipokwisha, kutapika kukiwa kumepungua, hakutundika nyingine. Alinipa pakiti za unga wa ORS, yaani chumvi na glukosi za kukoroga kwenye maji ya kunywa, chupa ya lita moja na kijiko cha chai, akaagiza ninywe kijiko kimoja kila baada ya dakika chache, na nikitapika nipumzike dakika kumi kisha niendelee taratibu zaidi.

Nakiri nilijiona nimepunjwa. Kuvuka mipaka yote ile kwenda kupewa kijiko! Nimesoma tangu niliporudi, na nimeona haya kwa mara ya pili. Mwaka 1971, katika kambi za wakimbizi za Bangaon nchini India, kipindupindu kilipozuka na dripu zikaadimika, daktari Dilip Mahalanabis aliamua wagonjwa wanyweshwe mchanganyiko wa chumvi na glukosi, mara nyingi na jamaa zao wenyewe, na kwa waliotibiwa hivyo vifo vilishuka kutoka takriban asilimia 30 hadi chini ya 4. Siri yake ni kwamba glukosi inapopenya ukuta wa utumbo huvuta sodiamu pamoja nayo, na maji hufuata, hata utumbo ukiwa mgonjwa. Zile glasi zangu za maji matupu, zilizomiminwa kwa pupa kwenye tumbo lililokwisha kuchokozwa, hazikuwa na msaada huo.

Hata hivyo, si kijiko kilichoninyima usingizi. Kwa siku kumi nimekuwa nikiitungia maana ile sentensi. Mara muuguzi amesema watu wazima wanaodanganya huwachosha; mara amesema wageni wote ndivyo walivyo; jana usiku alisema, kwa lugha yangu mwenyewe kabisa, kwamba mama mzima hajui kuhesabu. Na kijana, kwa huruma au kwa woga, akaumeza ujumbe wote na kunitemea "sawa." Kwenye ndege nilimjibu kwa neno mojamoja. Tulipohamia ghorofa ya juu nilichagua meza ya upande wa pili.

Leo mchana tafsiri ya ripoti ya hospitali imefika, kwa kuwa bima haipokei madai mpaka ripoti ipite kwa mtafsiri aliyeidhinishwa. Kurasa mbili: mapigo ya moyo, potasiamu, dripu lita moja, agizo la kukaa mbali na watu kwa saa 48 baada ya dalili kuisha na kunawa kwa sabuni na maji badala ya kutegemea jeli ya kileo. Katikati, mstari huu: "Mgonjwa ametaja mara 3, hali ya ngozi na ulimi hailingani. Mkalimani, kijana wa kiume, ameombwa atoke nje ili mgonjwa ajibu kwa uhuru. Mgonjwa amesahihisha: 12."

Nimeusoma mara nne. Kisha nimekumbuka kitu ambacho kilikuwa mbele yangu siku zote: ndani ya chumba kile, kando ya kitanda, palikuwa na mtungi wa maji ya kunywa na vikombe vimepangwa juu yake, na kijana alirudi baada ya nusu saa bila chupa yoyote. Alikuwa amesimama tu ukumbini. Ameambiwa na mtu mzima, mbele yangu, kwamba yeye ndiye kizuizi, naye katika sekunde mbili akapata neno la kunipa na sababu ya kuondokea.

Nimecheka peke yangu, nikaacha, nikacheka tena. Sijui nitamshukuruje bila kuitaja ile kumi na mbili. Nimefikiria kumwomba aje ayapitie madai yangu kabla sijayatuma, lakini ripoti ndiyo kiambatisho cha kwanza. Labda nihamishe meza tu, na nisiseme neno.

Ila madai yenyewe yana tatizo jingine. Bima wanataka risiti halisi ya dripu, si nakala, na siku ya mwisho ni Ijumaa. Nimepekua mkoba, bahasha na mifuko yote miwili ya sanduku. Ninachokumbuka ni kuikunja mara nne nikiwa pale mapokezi na kuitia mfukoni mwa ile suruali ya kijivu, ambayo hivi ninavyoandika inaning'inia kwenye kamba, imefuliwa na kukauka, na sijapata moyo wa kutia mkono mfukoni.