Neno lililonirudisha shambani Ubaruku

Nilipoacha kazi ya mapokezi kwenye nyumba ya wageni ya kwanza niliyofanyia kazi hapa Mbeya, meneja aliniandikia barua ya utambulisho kwa Kiingereza. Nusu ukurasa tu. Ilisema mimi ni mchapakazi, mwaminifu, na gregarious. Hilo la tatu sikuwahi kukutana nalo. Nikaitia barua kwenye bahasha ya kaki, nikaenda nayo kwenye usaili mtaa wa Forest, hapahapa mjini.

Mama aliyenisaili aliisoma mpaka mwisho, akaweka kidole juu ya lile neno. "Hili maana yake nini?" Nikamjibu kwamba ni mtu mwangalifu. Nilikuwa nimelinasibisha na jina Gregori, na katekista wetu alitufundisha kwamba asili ya jina hilo ni Kigiriki, kukesha, kuwa macho. Akasema, "Hapana, mdogo wangu. Ukifika nyumbani litafute." Kazi nikapata, ila agizo lake lilinikaa moyoni kwenye daladala mpaka Sae.

Kamusi ilianza na wanyama: wanaoishi kwa makundi. Watu walifuata baadaye. Nikaumia. Nimezaliwa Ubaruku, Mbarali, kwenye mpunga, na viumbe wa makundi nawajua kwa majina. Nilichokiona mbele yangu ni kwelea kwelea.

Kama hujawahi kuamia ndege, nikueleze kidogo. Mpunga ukianza kuweka maziwa, watoto tunaamka kabla ya jua. Unakaa kwenye kichanja na kombeo na madongo ya udongo uliyofinyanga jana yake, na kamba ndefu yenye makopo matupu ukiivuta shamba zima linalia. Kwelea mmoja ni kitu kidogo mno, mdomo mwekundu, uzito haufiki hata gramu 25. Ukimshika unasikia moyo wake ukipiga kwenye kiganja. Ila hawaji mmoja. Wanakuja kama moshi unaojikunja, wanashuka wote kwa mara moja, na ukirusha dongo wanainuka wote kwa mara moja, sauti ya mabawa kama mvua kwenye bati. Baba alikuwa akisema ndege mmoja haamiwi. Sasa Kiingereza kilikuwa kinaniweka mimi kwenye kundi hilo?

Aliyenitoa hapo ni mgeni mmoja kwenye kazi mpya, bwana shamba aliyekuwa akipita kwenda bonde la Rukwa. Asubuhi, akiwa anakunywa chai, nikamuuliza. Akaweka kikombe chini. Akasema hilo neno wao wanalitumia kila siku, kwenye nzige. Rukwa ni moja ya maeneo ambayo nzige wekundu huzaliana, na wimbi kubwa lililoanza 1930 lilikaa mpaka 1944, likafika mbali sana kusini mwa Afrika. Na jambo la ajabu, alisema, ni kwamba nzige hazaliwi akiwa lazima awe wa kundi. Mtaalamu wa wadudu, Boris Uvarov, alionyesha mwaka 1921 kwamba nzige waliodhaniwa kuwa wa aina mbili ni aina moja. Akiwa peke yake anakaa kimya kwenye nyasi, anawakwepa wenzake. Wakibanana, anabadilika: rangi, mwendo, hata umbo. Kwa nzige wa jangwani, watafiti wamegundua kwamba kuguswaguswa tu miguu ya nyuma na wenzake kwa saa chache kunatosha kuanza kumgeuza. Hali hiyo ya kundi ndiyo wanayoiita gregarious.

Nilisimama pale na birika mkononi mpaka chai ikapoa. Kugeuka kwa sababu umeguswa na wenzako, hilo nalifahamu. Mimi mwenyewe siku ukumbi ukiwa mtupu nachoka saa nne asubuhi. Basi la Tunduma likishusha watu kumi na mizigo yao, nachangamka, uchovu wote unaniisha.

Mzizi wa neno lenyewe ni Kilatini, grex, kundi la mifugo. Congregation, ule usharika wa kanisani, umetoka hapohapo. Segregation pia, kumtenga mtu na kundi. Linatamkwa gri-gea-ri-asi, mkazo kwenye gea. Wataalamu wa mimea nao wanalo: kuna mianzi inayochanua msitu mzima kwa pamoja, nao huita kuchanua huko gregarious. (Ndugu zangu wa Iringa mnaogema ulanzi, mwanzi wenu nao ni wa kukusanya watu, ila kwa namna nyingine.)

Ninachotaka mjue ninyi mnaojifunza Kiingereza ni hiki: neno hili halimsifu mtu kwa wema. Mchangamfu anakupokea vizuri. Mkunjufu hana kinyongo. Mcheshi anakuchekesha. Mkarimu anakupa. Gregarious anatafuta watu, basi. Anawahitaji kama samaki maji, na anaweza akawa mbinafsi vilevile. Kwa Kiswahili karibu yake kabisa ni mtu wa watu, ingawa letu lina heshima zaidi, kwa sababu ukimwita mtu hivyo tayari umeshasema kwamba watu nao wanamtaka. Mimi naona letu ni bora.

Mwezi uliopita imekuwa zamu yangu kuandika barua. Kijana wetu wa mapokezi anahamia Njombe, akaniomba nimwandikie kwa Kiingereza. Mkono wangu ulishaanza g, r, e. Nikasimama, nikamfikiria. Mgeni akirudi baada ya mwaka mzima, anamtaja kwa jina na chumba alicholala. Alimchemshia maji mzee aliyefika usiku wa manane mwezi wa saba, baridi ya kukata, kabla mzee hajaomba. Lakini chakula cha mchana anakula peke yake nyuma ya jiko, chini ya mparachichi, na ukimfuata pale unaona kabisa kwamba umemkatiza.

Nikafuta zile herufi tatu. Nikaandika habari ya yule mzee na maji ya moto, kama ilivyotokea.