Isale la Bibi, Pasaka ya Bagamoyo

Bibi alishuka kwenye basi la Moshi na kikapu, Biblia, na jani moja la isale, mmea wa Uchagani, lililoviringishwa kwenye kitambaa chenye majimaji, kama mtoto mchanga. Nikamuuliza la nini. Akasema, "La safari." Ilikuwa Jumatano ya Juma Kuu, mwaka 2024, na kwa siku mbili sikupata jibu jingine.

Safari yenyewe aliidai tangu Krismasi. Alipokuwa msichana Kilema, kwenye mlima Kilimanjaro, katekista aliyemfundisha Kipaimara alimwambia kwamba imani yao iliupanda mlima ikitokea pwani: mapadre wa Roho Mtakatifu walitua Bagamoyo mwaka 1868 kutoka Zanzibar, na mwaka 1890 wenzao wa shirika lilelile wakafika Kilema. Toka siku hiyo Bagamoyo ikamkaa kichwani. Safari hiyo alikuwa na miaka 79, na magoti yake yalikuwa na amri zao.

Alhamisi Kuu tulipandia kituo cha Makumbusho, Dar es Salaam. Nauli ilikuwa "ya sikukuu", konda alisema, kana kwamba Yesu mwenyewe ndiye aliyeipandisha. Kilomita zisizozidi 70 zilitutoa jasho karibu saa tatu, maana mvua ilikuwa imeanza na Tegeta ilijaa maji. Bibi hakulalamika. Alitoa rozari akasali Matendo ya Uchungu. Nikamkumbusha kwamba Alhamisi ni Matendo ya Mwanga. "Yale mapya?" akasema. Papa Yohane Paulo II aliyaongeza mwaka 2002. Kwa Bibi miaka 22 ilikuwa bado haijatosha kuyazoea. Tulipofika Kerege alikuwa amelala, rozari imening'inia kidoleni.

Misioni iko pembeni ya mji, na kwa nyuma njia ya miembe mikubwa inateremka hadi baharini, kwenye msalaba wa kumbukumbu ya wale wamisionari wa kwanza. Kijana mmoja alitutembeza. Alituonyesha mbuyu uliopandwa na wamisionari, na pingili chache za mnyororo zinazochungulia kwenye gome: Madame Chevalier, mama wa Kifaransa, alifungia punda wake hapo, mnyororo ukasahaulika, mti ukaumeza. Akatuonyesha na mnara wa kanisa la mwaka 1872, ambamo mwili wa mpelelezi Livingstone ulilazwa Februari 1874. Watumishi wake Chuma, Susi na wenzao walikuwa wameubeba kwa miezi kutoka Chitambo, Zambia ya leo, baada ya kuuzika moyo wake kulekule chini ya mti.

"Moyo waliuacha huko?" Bibi akauliza.

"Ndiyo, bibi."

"Basi huyo alibwaga moyo kabla hajafika Bagamoyo."

Yule kijana alicheka mpaka akashika ukuta. Nadhani sasa anawasimulia wageni kama maneno yake.

Makaburini Bibi alikaa kimya. Alikuwa akisoma misalaba kwa kidole, akipiga hesabu ya umri. Wengi walikuja wakiwa vijana na homa haikuwapa hata miaka michache. Pale misioni pia ndipo waliokombolewa utumwani walipojengewa kijiji chao, na pango la Bikira Maria lililopo bustanini ni kazi ya mikono ya watu hao. Bibi aliwasha mshumaa pale, upepo ukauzima, akawasha tena.

Misa ya Karamu ya Bwana ilikuwa jioni. Kati ya wale 12 waliooshwa miguu alikuwepo mvuvi, miguu imepasuka visigino, kucha moja haipo. Alipoona padre anapiga magoti mbele yake na beseni la plastiki, mguu ukajirudisha wenyewe chini ya benchi. Padre akangoja. Ukatoka polepole. Baada ya Gloria kengele zilikuwa zimenyamaza, na tangu hapo watumikiaji walitumia vibao viwili vya mbao: ka, ka, ka. Mlio mkavu ule hunifanya nijisikie nimefiwa kila mwaka.

Ijumaa Kuu ile iliangukia ndani ya Ramadhani, iliyokuwa imeshavuka nusu. Bagamoyo ni mji wa Waislamu wengi. Mama lishe wote walikuwa wamefunga majiko, na hata kama ungetaka kuvunja sheria ya Kanisa usingepata pa kuivunjia. Bibi naye alifunga, ingawa Kanisa limemwachia huru tangu alipotimiza miaka 59. "Nani atawaambia magoti yangu?" akasema, halafu akatembea vituo vyote 14 vya Njia ya Msalaba chini ya miembe, akinishika mkono kwa nguvu kila tulipopiga goti.

Saa tisa alasiri tuliingia kwenye Liturujia ya Mateso. Altare tupu, bila hata kitambaa. Msalaba uliingizwa ukiwa umefunikwa, ukafunuliwa kidogokidogo, watu wakapanga foleni kuubusu. Zamu ya Bibi ilipofika aliinama, akabusu, kisha akafungua kile kitambaa chake na kuliweka jani la isale chini ya msalaba.

Kwa Wachaga isale ni neno zito. Ukimkosea mtu unampelekea, na mtu akishaletewa isale ni vigumu sana kukataa kusamehe. Pwani hawana habari hiyo. Kijana aliyekuwa akisimamia foleni aliliokota upesi, kama mtu anayeokota taka, akatoka nalo. Nilitaka kumfuata. Bibi akanivuta shati.

Tulipanga chumba kwa mama mmoja wa Kiislamu. Jua lilipozama tulikuwa barazani, mwadhini akaanza, na yule mama akatokea na sinia. "Bibi, na nyie si mmefunga leo? Karibuni tufuturu." Tende, uji wenye pilipili manga, mihogo ya nazi, maharage. Niliangalia sinia yote: hakuna nyama. Bibi alifanya ishara ya msalaba, yule mama akasema bismillahi, na mikono yao ikakutana kwenye mihogo.

Uji ulimfungua Bibi mdomo. Wakati ule wa Kipaimara walikuwa wawili, yeye na mdogo wake, na waliapa kuja Bagamoyo pamoja. Ukubwani wakagombana. Mdogo wake aliazima chungu cha kupikia mbege, akakirudisha kina ufa. Maneno yakaenda, yakarudi. Miaka 11 hawakusalimiana, ila kanisani tu, pale padre aliposema watakiane amani. Mdogo wake akafa Septemba.

"Isale humpelekea aliye hai," Bibi akasema. "Huyu kanitoroka."

Mama mwenye nyumba aliacha kutafuna. "Kwa ajili ya chungu, bibi?"

"Kwa ajili ya chungu."

Jumamosi mvua ilinyesha kutwa. Mkesha ulipaswa kuanza na moto uwanjani. Ukawashiwa chini ya kibaraza, moshi ukatuingia sote machoni. Padre alichora msalaba kwenye mshumaa wa Pasaka, Alfa na Omega, na tarakimu za mwaka: 2, 0, 2, 4. Shemasi akaingia gizani. "Mwanga wa Kristo!" Mara tatu, kila mara sauti ikipanda, na mwanga ukapita kutoka mshumaa hadi mshumaa mpaka nikaona nyuso. Alipofika kwenye Mbiu ya Pasaka, mahali inapowasifu nyuki kwa nta yao, Bibi alinipiga kiwiko. Babu alikuwa na mizinga.

Masomo yalikuwa marefu na sitasema uongo, katika Nabii Baruku nilisinzia. Gloria ndiyo iliyoniamsha. Kengele zote kwa pamoja, vigelegele, kwaya na kinanda, taa zikawaka, na altare iliyokuwa uchi jana ilikuwa imefurika maua. Bibi akaninyooshea kidole. Kwenye chombo cha kushoto, kati ya maua meupe, lilisimama jani refu la kijani lenye mkunjo katikati.

Hakusema kitu. Mimi pia.

Asubuhi ya Pasaka, baada ya Misa, aliteremka mpaka kwenye msalaba wa pwani, akatazama bahari kwa dakika kama mbili, akasema panatosha. Alikuwa amejaza maji yaliyobarikiwa usiku kwenye chupa ya nusu lita. Ndani ya koasta akaipakata, mikono miwili.

"Bibi, leta hiyo chupa niiweke chini," konda akamwambia, "gari limejaa."

"Acha," akasema Bibi. "Hii ya mdogo wangu."