Lupini ya manjano na udongo wake maskini

Mara ya kwanza nilipopanda lupini ya manjano, mmea wa mapambo wenye maua ya njano, niliandaa tuta kama ninavyoandaa tuta la mboga: nilichanganya samadi iliyooza vizuri, nikaongeza mboji, na juu yake nikanyunyiza majivu ya kuni. Mbegu ziliota vizuri, lakini baada ya wiki chache majani machanga yalianza kupauka, yakawa ya rangi ya ndimu iliyoiva huku mishipa yake ikibaki ya kijani. Nilidhani mimea ina njaa, nikaiongezea mbolea. Michache iliyonusurika ilinenepa majani, ikalala chini kwa uzito wake, na ikatoa maua machache sana.

Kosa lilikuwa kwenye yale majivu na kwenye ukarimu wangu wote kwa jumla. Lupini ya manjano, ambayo wataalamu wa mimea huiita Lupinus luteus, asili yake ni upande wa magharibi wa bahari ya Mediterania, katika nchi kama Ureno, Hispania na Moroko, na huko huota kwenye udongo wa kichanga wenye asidi na rutuba kidogo. Majivu, kama chokaa, hupunguza asidi ya udongo, na asidi ikipungua madini ya chuma hubaki humo humo udongoni bila mizizi kuweza kuyafyonza, ndiyo maana majani hupauka ingawa chakula kimejaa tele. Mmea huu huridhika pale ambapo kipimo cha asidi ya udongo, yaani pH, ni kati ya 5 na 6.5 hivi. Siku hizi huchanganya udongo wa kawaida na mchanga mwingi usio na chumvi wala vipande vya makombe, kwa kuwa makombe nayo ni chokaa, na siweki samadi hata kidogo.

Mbegu zake zina gamba gumu linaloweza kuzuia maji kwa muda mrefu. Mimi husugua kila mbegu kwa msasa upande mmoja, taratibu, mpaka rangi ya ndani ianze kuonekana, kisha huziloweka usiku kucha na kuzipanda asubuhi zikiwa zimevimba, kina cha sentimita 2 au 3, huku nikiacha nafasi ya sentimita 20 hivi kati ya mche na mche. Huzipanda moja kwa moja mahali zitakapokulia. Mzizi mkuu hushuka chini mapema mno kabla hata majani hayajawa mengi, na ukikatika wakati wa kuhamisha mche, mara nyingi mche hudumaa. Anayepanda kwenye chungu achague kirefu, cha sentimita 30 au zaidi, chenye matundu ya kutosha, na akiweke penye jua kwa sehemu kubwa ya siku. Hali ya ubaridi wa wastani huupendeza mmea huu kuliko joto kali.

Kuhusu kumwagilia sina mengi: maji ya kutosha wakati wa kuota, kisha machache, na kamwe yasituame.

Jambo lililonifanya niupende mmea huu liko chini ya ardhi. Lupini ni ya jamii ya mikunde, na kwenye mizizi yake, ndani ya vinundu vidogo, huishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza kuwa chakula cha mmea. Katika upandaji wangu wa pili niling'oa mche mmoja kwa makusudi, nikausafisha mizizi ndani ya ndoo ya maji, na nikapasua kinundu kimoja kwa wembe. Ndani kilikuwa chekundu kama nyama mbichi. Rangi hiyo ni dalili kwamba bakteria wanafanya kazi. Kinundu cheupe au cha kijivu bado hakijaanza kazi au kimekwisha kuchoka. Penye mbolea nyingi ya naitrojeni, mmea hauoni haja ya kuwalisha bakteria hao, na vinundu huwa vichache. Ikiwa lupini haijawahi kupandwa katika udongo wako, huenda bakteria wanaofaa hawapo, hivyo inafaa kupaka mbegu chanjo, yaani mchanganyiko wenye bakteria hai wa lupini, kabla ya kuzipanda.

Maua hupangwa duara juu ya duara kuzunguka shina, na harufu yake ni tamu kweli. Nyuki akitua, uzito wake hukandamiza petali za chini na chavua husukumwa nje kupitia kitundu kidogo nchani. Asali ya maua hakuna, anachopewa ni chavua tu. Nimekaa kwa muda mrefu nikitazama jambo hilo, na sijawahi kulichoka.

Wadudu wanaonisumbua ni vidukari, ambao huwaosha kwa maji yenye sabuni kidogo, na konokono, ambao huwaokota usiku. Ugonjwa wa kuogopa zaidi ni chule, ambao husababishwa na kuvu na husafiri ndani ya mbegu: shina hujipinda ghafla na kutoa madoa yaliyobonyea. Mmea wa namna hiyo hung'olewa na kuchomwa, na mbegu zake hazihifadhiwi.

Nawasihi pia wenye watoto na mifugo wawe waangalifu. Mbegu za lupini chungu zina alkaloidi, zikiwamo lupinini na sparteini, ambazo ni sumu. Aina tamu zenye alkaloidi kidogo zilipatikana Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa juhudi za mtaalamu wa uzalishaji wa mimea Reinhold von Sengbusch, lakini mbegu za mapambo hazipaswi kuliwa, na mtu mwenye mzio wa karanga anaweza kudhurika hata na lupini tamu.

Lupini hii huishi msimu mmoja tu. Maganda yenye manyoya yakigeuka kahawia huyakata kabla hayajapasuka na kurusha mbegu, na kuyaanika ndani ya mfuko wa karatasi. Shina hulikata usawa wa ardhi na kuiacha mizizi ioze pale pale, na katika nafasi hiyo hupanda mboga za majani.