Tambi nimezimudu, mafuta yameniumbua

Leo hesabu imekubali. Gramu 169 kwenye sahani, kalori 262, na kwa mara ya kwanza tangu nianze mradi huu wa kupunguza uzito kwa kuhesabu kalori za tambi naziamini tarakimu zote mbili. Naandika vyombo vikiwa bado kwenye sinki.

Kwanza niungame kuhusu wiki tatu za mwanzo. Nilikuwa napima tambi zikiwa zimeshaiva, halafu kwenye programu ya simu nachagua mstari wa tambi kavu. Gramu 180 mara 3.5 (kalori za kila gramu kavu), naandika 630. Sahani ile ilikuwa na kama 280 tu. Usiku nalala na njaa nikijisifia nidhamu, kumbe najinyima kufidia chakula ambacho sikukila! Mdogo wangu ndiye aliyeshtuka: "Kaka, unapunguza uzito au unaumwa?" Wapo wanaokosea upande wa pili, wanapima kavu na kuandika kama zilizopikwa, halafu wanashangaa mwezi unaisha na suruali haijalegea hata kidogo. Wao angalau walikuwa wameshiba.

Basi nikahamia mstari wa "zilizopikwa". Hapo ndipo nilipokwama kweli, maana mistari iko miwili: mmoja unasema kalori 149 kwa gramu 100, mwingine 124. Chakula kile kile, ngano isiyokobolewa ile ile. Nani mwongo?

Hakuna mwongo, ni maji tu. Ila sikutaka kuambiwa, nikapika. Pakiti moja, spageti gramu 100 kila mara, maji lita moja. Dakika 8 zikatoka gramu 208. Dakika 10, gramu 226. Dakika 13, gramu 249. Zote zimeanza na kalori 350 za kwenye pakiti (wanga kidogo unabaki kwenye maji ya kuchemshia, nimeusamehe). Ukigawanya unapata 168, 155 na 141 kwa gramu 100. Yaani ukienda kupokea simu ukasahau jiko, tambi "zinapungua kalori". Ili nifike 124 ningehitaji zivimbe hadi gramu 282. Nilijaribu. Dakika ya 19 zilikuwa zinakatika zenyewe kwenye mwiko, mizani ikasoma 271, nikasalimu amri. Nani anakula vile?

Makaroni ni mabaya zaidi kwa sababu yanaficha maji ndani. Nimechuja, nimepima: 241. Nikatikisa chujio: 233. Nikayaacha dakika tatu: 227. Gramu 14 za maji matupu, ambazo daftari langu lingezipa kalori 22. Nilirudia mara mbili nikidhani mizani imeharibika.

Ufumbuzi umekuja nilipoacha kutafuta namba sahihi ya tambi zilizopikwa, kwa sababu haipo. Ninachohitaji ni fungu langu la sufuria. Tunapika gramu 320 kavu kwa watu wanne, na mimi nataka 75 kati ya hizo, basi haki yangu ni asilimia 23.4 ya chochote kitakachotoka, ziwe ngumu, laini au zimejaa maji. Leo zimetoka gramu 722. Mara 0.234 ni 169. Basi! Zikitoka 800 nachukua 187, na kalori ni zile zile 262. Bakuli la kupakulia likiwa tupu lina gramu 640, nimeliandika kwa kalamu ya wino usiofutika chini ya kitako, sitaki kulipima tena maishani. Sufuria yenyewe siipandishi kwenye mizani ikiwa ya moto. Nilifanya hivyo mara moja, tarakimu zikawa zinatambaa kama zimelewa.

Na mizani, jamani. Mizani inayojizima yenyewe baada ya dakika mbili imetengenezwa na mtu asiyepika. Umeweka bakuli, umebonyeza sifuri, unageuka kuchukua chujio, ukirudi kioo cheusi na sifuri yako imepotea. Kama unanunua, usidanganywe na gramu za desimali. Uliza inakaa macho muda gani.

Kwa nini 75? Lebo za Marekani zinahesabu gramu 56 kavu kuwa sehemu ya mtu mmoja, miongozo ya Italia inasema 80. Nimekula 56 siku nne, na kila siku saa mbili baadaye nilikuwa nafungua kabati nikitazama tu. 80 ilinitosha vizuri, nikashusha tano kwa ukaidi. Na anayedhani ngano isiyokobolewa ndiyo inayopunguza kalori, apige hesabu: tambi nyeupe ni kama 371 kwa gramu 100 kavu, hizi ni 350 hivi. Kwa sahani yangu tofauti ni kalori 16. Mimi nazila kwa ajili ya nyuzinyuzi, karibu gramu 9 dhidi ya 3 kwa kila gramu 100 kavu, na kwa sababu zinatafunika. Nyeupe nazimeza kabla sijakaa sawa.

Hatua iliyofuata kwenye mpango ilikuwa kupima spageti kwa kile kibao chenye matundu, nione tundu la "mtu mmoja" linapitisha gramu ngapi. Kibao kipo mezani, sijakigusa. Nilipomaliza kushangilia zile 262 nikachukua chupa ya mafuta ya zeituni nimiminie juu ya sahani kama kawaida, mkono ukasita. Nikaiweka chupa kwenye mizani, nikabonyeza sifuri, nikamimina kwa mazoea, nikairudisha. Mizani ikaandika −31.

Gramu 31 za mafuta ni kalori 274.

Nimekaa wiki nzima natikisa chujio kwa ajili ya kalori 22 za maji, na kila siku nilikuwa namimina juu yake sahani nyingine nzima, kubwa kuliko ile ya chini, na kwenye daftari nimeandika "mafuta kidogo". Mdogo wangu alicheka hadi akashika mlango. "Kaka, tunakula au tunafanya mtihani?"

Kijiko kimoja cha chakula ni gramu 13.5, karibu kalori 120. Hizo ni sawa na gramu 34 za tambi kavu, karibu nusu ya fungu langu, na zinateremka shingoni mwa chupa kabla sijahesabu moja mbili. Kwa hiyo kibao cha matundu kisubiri. Sasa naisoma chupa tu, kabla na baada. Jaribio la kwanza kwa kujibana: −22. La pili nimeziba mdomo wa chupa kwa kidole gumba: −13, na mafuta mengine kwenye kiwiko, ambayo sijui niyaandike wapi.