Nilivyoamua lini nibadili oili ya giaboksi kwenye motohomu yetu

Gari lenyewe ni motohomu, yaani gari-nyumba, ya mwaka 2008, zile ambazo chumba kimejengwa juu ya chasisi ya Ford E-450, injini V10 ya lita 6.8 na giaboksi otomatiki ya gia 5 wanayoiita TorqShift. Tunaishi Dallas na likizo za watoto tunazimalizia barabarani. Nilinunua kwa mzee mmoja mstaafu, gari safi kabisa, maili 41,000 tu, risiti za oili ya injini zipo, za tairi zipo, za betri zipo, ila ya giaboksi hakuna hata moja. Sasa hapo ndo swali likaanza, hii oili iliyomo ni ya kiwandani au ilishabadilishwa, na kama ni ya kiwandani imechoka au bado ina maisha.

Nikauliza mafundi wawili. Wa kwanza akasema usiguse kabisa, giaboksi ya zamani ukiiwekea oili mpya inaanza kuteleza. Wa pili akataka niache gari palepale aisafishe kwa mashine, na bei aliyonitajia nikamwambia naenda kufikiria kwanza. Kilichonikera ni kwamba wote wawili hakuna aliyevuta hata dipstiki akaangalia. Huwezi kumwandikia mgonjwa dawa hujamgusa.

Nikampigia jamaa yangu Ilala, yule miaka yote amekaa kwenye magiaboksi ya Noah na Alphard. Akanisikiliza mpaka mwisho halafu akaniuliza kitu kimoja tu, "Kaka, umeinusa?" Nikamwambia bado. "Inuse kwanza halafu ndo unipigie."

Basi nikaipima inavyotakiwa, maana otomatiki hazipimwi kama injini. Gari imeshatembea imepata moto, iko sehemu tambarare, injini inaunguruma, unakanyaga breki unapitisha gia zote taratibu unarudi P, ndo unavuta dipstiki. Nikadondosha matone kwenye tishu nyeupe. Rangi ilikuwa wekundu umefifia unaelekea kahawia, harufu ya kuungua hakuna. Nikampigia, akasema rangi peke yake isikutishe wala isikufariji, zipo oili zinabadilika rangi mapema na bado nzima, ila harufu ya kuungua ukiisikia jua klachi za ndani zimeshapata moto. Na kuhusu ile hofu ya kuteleza akanieleza vizuri, kwamba klachi zikilika ule unga wake unabaki kwenye oili na unasaidiasaidia kushika, sasa ukimwaga oili yote klachi iliyokwisha inabaki haina cha kujishikia, watu wanasema oili mpya imeua giaboksi kumbe ilishakufa muda. Yangu ilikuwa inaingiza gia vizuri, hairuki, haichelewi ukiweka R, kwa hiyo huo woga mimi haunihusu.

Nikarudi kwenye kitabu cha gari. Kina ratiba mbili, moja ya matumizi ya kawaida na nyingine ya matumizi magumu, na hiyo ya magumu kwa giaboksi inasema maili 30,000. Wengi wanajiweka kwenye ya kawaida kwa sababu gari inatembea mara chache. Lakini angalia, hii chasisi inaruhusiwa mpaka pauni 14,500, karibu tani 6 na nusu, na motohomu inakuwa karibu na uzito huo muda wote, vitanda, friji, matanki ya maji, jenereta, vyote unatembea navyo, na sisi nyuma tunavuta na kagari kadogo. Lori likishusha mzigo linarudi tupu, motohomu haina siku ya kurudi tupu. Kwangu hiyo ni matumizi magumu tangu unapowasha, kwa hiyo kwa kitabu tayari tarehe imepita.

Ila bado sikutaka kwenda na maili peke yake, kwa sababu kinachoua oili ya giaboksi ni joto, maili ni njia ya kukisia tu joto hilo. Hesabu wanayotumia mafundi huku ni kwamba oili ikikaa kwenye digrii 175 za Farenhaiti, yaani kama 80 za Selsiasi, inadumu muda mrefu, na kila ikipanda digrii 20 za Farenhaiti juu ya hapo umri wake unapungua nusu. Ni makadirio lakini yanakufungua macho, maana yake maili 40,000 za Texas tambarare na maili 40,000 za milimani sio kitu kimoja kabisa.

Nikanunua kile kidude cha Bluetooth cha kuchomeka kwenye soketi ya OBD, ile ya kusomea kompyuta ya gari, chini ya usukani, kinatuma joto la giaboksi kwenye simu. Safari ilikuwa ya Colorado, unashika barabara ya 287 mpaka Amarillo, unaendelea mpaka Raton, halafu I-25. Mke wangu ndo alishika simu anasoma namba kwa sauti. Kule Amarillo tambarare ilikuwa 178, 182, hapohapo, raha. Tulipoanza kupanda Raton Pass, pale mpakani mwa New Mexico na Colorado, mita 2,388 juu ya usawa wa bahari, namba ikaanza kupanda, 195, 203, ikafika 214, jua la mwezi wa saba nalo linawaka. Nikabonyeza Tow/Haul, kile kitufe cha kubebea na kuvuta mzigo, nikashusha gia, nikaacha injini izunguke kwa sauti kubwa, na baada ya muda namba ikaanza kushuka yenyewe. Sababu ni kwamba ukikanyaga mafuta mengi mwendo ukiwa mdogo ile toki konvata, kiungo cha kati ya injini na giaboksi kinachopitisha nguvu kwa oili, inafungua loki yake, inakuwa nguvu inapita kwenye oili inayokorogwa tu, na huko kukorogwa ndo joto lenyewe. Ukishuka gia inapata nafasi ya kujifunga tena. Watu wanaogopa kelele za V10 kwenye mlima, mimi nasema acha ipige kelele, giaboksi inakushukuru.

Tuliporudi ndo nikachukua sampuli, kijipampu cha mkono na mpira mwembamba kupitia kwenye bomba la dipstiki, nikatuma Blackstone Laboratories, wako Fort Wayne, Indiana, kazi yao ni kupima oili. Majibu yakaja, chuma kiko kawaida, hakuna maji, shaba imepanda kidogo, mnato umeshuka chini ya kiwango kinachotakiwa. Hapo nikawa na jibu langu. Giaboksi nzima, oili imechoka. Na huo ndo muda mzuri wa kubadili, wakati giaboksi bado haijalalamika, maana ukisubiri iteleze unakuwa hubadilishi oili tena, unanunua giaboksi.

Mashine ya kusafishia nikaikataa. Nilishusha sampu mwenyewe, yaani lile bakuli la oili chini ya giaboksi, ina nati ya kumwagia kwa hiyo huogi oili. Jambo muhimu sana, oili iliyotoka uipime kwenye chombo chenye alama za lita, kwa sababu ndo kiasi utakachorudisha kabla ya kuanza kupima na dipstiki. Kwenye sumaku ya ndani kulikuwa na ute wa kijivu laini kama grisi, huo ni kawaida, unachoogopa ni vipande vinavyong'aa vinavyokwaruza ukivisugua kwa vidole. Filta mpya, gasketi ya sampu hii ni ya kutumika tena kama haijachanika, bolti kaza kwa spana ya kipimo usikaze kwa hasira.

Sasa ukimwaga sampu hutoi oili yote, jumla inaingia kama lita 16 na nusu na inayotoka ni karibu nusu, iliyobaki imejificha kwenye toki konvata na kwenye kula, yaani rejeta ndogo ya kupoza oili. Kwa hiyo nikaendesha gari na hiyo mpya, nikamwaga tena bila kugusa filta, ya zamani ikabaki kama robo. Inatosha kabisa, na giaboksi haikupata mshtuko wowote.

Oili yenyewe usibabaishwe. Hii giaboksi ilitoka kiwandani na Mercon SP, baadaye Ford wakahamia Mercon LV, hiyo ndo niliyoweka. Nasema hivi kwa uchungu kwa sababu nyumbani gari nyingi zinakufa giaboksi kwa kuwekewa ile haidroliki nyekundu ya kupima kwenye ndoo, mtu ana gari inayotaka Toyota WS anawekewa yoyote ilimradi nyekundu, mwenye CVT, ile otomatiki ya mkanda isiyo na gia, naye anawekewa hiyohiyo. Soma kitabu au soma dipstiki, nyingi zimeandikwa.

Kwa hiyo utaratibu wangu sasa, maili 30,000 ndo mwisho, siongezi hata moja. Kabla ya hapo naangalia joto, kiangazi chenye milima mingi ambapo namba imekaa juu ya 210 kwa muda mrefu natuma sampuli nikirudi, na mnato ukiwa umeshuka nabadili hata kama maili ni chache. Kula ya mbele naiosha na maji ya taratibu kila mwanzo wa msimu, wadudu wa barabarani wanaiziba kuliko unavyodhani. Mwaka huu tunapanda Monarch Pass, mita 3,448, na sampuli ya kurudi huko shaba ndo nitaiangalia ya kwanza.